Kiatu cha Kulia

Fundi wangu wa viatu alikigeuza kiatu changu cha kulia, akapitisha kidole gumba mahali soli ilipokuwa imeliwa, akanyamaza. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake, mguu mmoja ndani ya sandali ya kuazima, nikimsubiri ataje bei. Akaniuliza:

"Dada, hiki nilikishona lini?"

Nikamwambia sikumbuki vizuri, labda kabla ya Pasaka.

"Ni baada ya Pasaka. Nilikitia mpira wa tairi ya pikipiki, ule mgumu. Zamani ule mpira ulikuwa unakupeleka miezi minne, hata mitano. Sasa miwili haijafika." Akakiinua, akakitazama kwa ubavu, ncha ikielekea juani. "Mguu wako umebadilika."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama seremala anayekuambia mbao zimeingia maji. Kisha akachukua sindano, akaanza kutoboa, akaendelea na habari za mvua na bei ya gundi.

Nimeishi na maneno yale wiki nane.

Daftari

Kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi, kwenye sekretaria ndogo hapa Katindo, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo. Barua za maombi ya kazi, hati za viwanja, kazi za wanafunzi wa chuo wanaokuja usiku wa mwisho. Kila franka inayotoka mfukoni mwangu ninaiandika, ni tabia niliyojifunza mapema. Basi usiku ule niliteremsha madaftari ya zamani kutoka juu ya kabati, nikatafuta neno moja tu: kiatu.

Mwaka 2018, mara tatu. Mwaka 2019, mara tatu. Mwaka 2022, tano. Mwaka jana, saba. Mwaka huu, Juni ilikuwa haijaisha, tayari zilikuwa nne.

Nikahesabu tena, nikidhani nimeruka ukurasa.

Najua utakachosema kama unaishi Goma: mawe ya volkano yanakula viatu vya kila mtu. Ni kweli. Lakini mawe ni yale yale, na kiatu changu cha kushoto kinamaliza mwaka bila kufika kwa fundi. Ni ule wa kulia unaokokota ncha. Na unakokota zaidi kuliko zamani.

Mtu aliyenigundulia hilo hana stetoskopu. Ana nyundo, kopo la misumari, na miaka kumi na moja ya kushika kitu kinachogusa ardhi kila ninapopiga hatua.

Nilichoambiwa, na ambacho sikuambiwa

Nina miaka 37. Nilizaliwa kwa miezi saba. Hospitalini wanaandika herufi tatu za Kifaransa, IMC. Kwenye Kiswahili cha vitabu ni mtindio wa ubongo. Mtaani kwetu ni kilema, basi, hakuna maneno mengi. Nyuzi zinazobeba amri za miguu zinapita karibu kabisa na vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, na ni hapohapo mishipa ya damu ya mtoto njiti inapokuwa dhaifu. Ndiyo maana kwa wengi tuliozaliwa kabla ya wakati miguu huumia kuliko mikono. Amri inatoka, inafika imevurugika, na msuli unaposhindwa kuielewa unakaza.

Tangu utotoni niliambiwa jambo moja: kidonda cha ubongo hakikui. Kilichoharibika kiliharibika siku zile za kwanza, hakitaongezeka. Jambo hilo ni kweli, na nililishika kama mtu anavyoshika hati ya kiwanja. Rafiki zangu wenye presha na sukari wanaiogopa kesho. Mimi niliamini langu limekwisha kutokea.

Hakuna aliyeniambia kwamba ubongo unaweza kutulia huku mwili ukiendelea kulipa.

Msuli uliokaza miaka thelathini na zaidi unavuta mfupa, usiku na mchana. Nyonga inachakaa upande mmoja, magoti yanabeba uzito kwa pembe ambayo hayakuumbiwa, kisigino kinasahau ardhi. Kutembea kwetu kunakula nguvu mara mbili, hata mara tatu, ya nguvu anayotumia mtu wa kando yako kwenda mahali palepale. Ndiyo sababu wengi wetu tunaanza kupoteza hatua katika miaka ya thelathini na arobaini, wakati wenzetu wa rika moja bado wanakimbilia moto, yaani pikipiki. Nilikuja kuyasoma haya kwenye simu, saa saba za usiku, mguu ukiwa juu ya mto.

Nilisoma pia kuhusu ngazi. Mwaka 1997 huko Kanada, Robert Palisano na wenzake walitengeneza kipimo cha hatua tano cha kueleza mtoto mwenye mtindio anajongea vipi: hatua ya kwanza anatembea bila msaada, ya tano anasukumwa kwa kiti. Leo kipimo hicho kinatumika dunia nzima. Mwaka 2007 walikiongezea ukurasa wa vijana wa miaka 12 hadi 18. Nikaperuzi kutafuta ukurasa unaofuata, wa mtu mzima.

Ngazi inaishia miaka 18.

Halafu nikakutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2017, kutoka mashariki mwa Uganda, si mbali na sisi. Walihesabu watoto kijiji kwa kijiji, wakapata karibu 3 wenye mtindio kwa kila 1,000. Lakini kadiri umri ulivyopanda, idadi ilishuka. Kwa kuwa mtindio hauponi, watafiti walisoma upungufu ule kama vifo.

Nilizima simu. Nilifikiria watoto tuliokuwa tukilazwa nao kwenye mikeka ya mazoezi, nikajaribu kukumbuka ni wangapi ninaokutana nao leo barabarani. Nilimpata mmoja.

Asubuhi

Ninaamka saa kumi na moja ili nifike kazini saa mbili. Kutoka kwangu Mabanga hadi Katindo mtu mwenye miguu mizima anatumia nusu saa.

Miguu haiamki pamoja nami. Ninapojinyoosha tu, inakaza, magoti yanabanana, vidole vinajikunja ndani. Nikitumia nguvu kuitenganisha, inakaza zaidi. Kwa hiyo ninalala chali, ninaweka mto katikati ya magoti, ninahesabu taratibu hadi mia mbili. Kuna asubuhi za baridi ambapo ninahesabu mara tatu. Halafu inaachia yenyewe, kidogo kidogo, kama mkono wa mtoto aliyesinzia akishika kitu.

Vifungo vya blauzi ni dakika nne. Sidiria niliacha kuifunga kwa nyuma nikiwa na miaka kumi na tisa. Ninaifunga mbele kisha ninaizungusha. Chai ninajaza nusu kikombe, kwa sababu kikombe kilichojaa nikikitazama tu mkono wa kulia unaanza kutafuta pa kukimbilia. Maji ya kuoga ananiletea kijana mwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma. Bidoni ya lita ishirini sijawahi kuibeba maishani, na katika mji huu ambao hata mtoto wa miaka kumi anatembea na bidoni yake, hilo linaonekana. Ninamlipa kwa kila safari. Kila kitu ambacho mwili wangu haufanyi kina bei, na madaftari yangu yanazijua zote.

Kisha moto. Mapaja yangu hayafunguki vya kutosha kupanda kiume, kwa hiyo ninakaa ubavu, na dereva akikata kona ghafla sina miguu ya kujishikilia. Wapo wanaoniona nikija wanawasha na kuondoka. Lakini ninaye mmoja anayenijua. Anasimamisha kando ya jiwe kubwa ili nipande kama ninapanda ngazi, na anazima injini kwanza, kwa sababu anajua mlio wa ghafla unanikaza mwili mzima.

Hilo la mlio nilieleze kidogo. Mtoto mchanga akishtuka anatupa mikono. Kwa watu wengi mshtuko ule unafifia. Kwangu umebaki mkubwa. Siku zile za mwisho wa Januari hii ya 2025, risasi zilipokuwa zinalia kuanzia alfajiri, jirani zangu walikuwa wanalala chini kila zilipokaribia. Mimi nilikuwa ninakaza nikiwa wima, kama nguzo, katikati ya chumba. Dada yangu mdogo alikuwa ananivuta kwa kitenge niangukie godoro. Siku nne. Zilipotulia, nyonga ilikuwa inauma kama niliyebeba mawe, ilhali sikuwa nimetoka nje ya mlango.

Kazini ninaonekana mzima. Nimekaa, meza inaficha miguu, mkono wa kushoto unachapa karibu maneno yote na wa kulia unatoa kidole kimoja. Wateja wanasema ninachapa haraka, na ni kweli. Shida yangu kazini ni choo. Ni cha kuchuchumaa, na mtu ambaye kisigino chake hakigusi chini hachuchumai. Anajishikilia ukutani na kuomba Mungu. Kwa hiyo sinywi maji mpaka jioni. Nimeishi hivyo miaka tisa bila kumwambia mtu yeyote, na nimeiandika hapa ili mwanamke mwingine anayefanya vilevile ajue kuna mwenzake.

Saa tisa alasiri uchovu unafika. Sina neno zuri kwa uchovu huu. Ni tofauti na usingizi, na ni tofauti na ule wa mtu aliyelima, unaoisha akikaa. Ni kama mtu amefungua bomba chini ya mgongo na kila kitu kinamwagika. Maneno yanakuwa mazito mdomoni, kidole kile kimoja kinagonga herufi ya jirani. Zamani ulikuwa unanijia saa kumi na mbili, nikiwa nyumbani.

Hilo nalo nilikuwa nimeliona. Nilisema ni umri, ni vita, ni chakula.

Barabara ya Sake

Baada ya kuyahesabu madaftari, kumbukumbu nyingine zilianza kujitokeza na kujipanga upande wa fundi.

Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na lava kukata mji katikati, nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Nilitembea. Nilishika fundo la kitenge cha mama na nikatembea njia nzima, nikianguka, nikiinuka, mpaka ng'ambo. Hadithi hiyo ni hazina ya familia. Kila mgeni akija mama anaisimulia: "Huyu mnayemuona, volkano ilimfukuza na akaishinda kwa miguu yake."

Mwaka 2021 ikapasuka tena, Jumamosi ya tarehe 22 Mei. Alhamisi iliyofuata, asubuhi na mapema, tukaambiwa mitaa kumi iondoke. Wote mnaikumbuka barabara ya kwenda Sake, mji wa jirani, siku ile. Nilitoka na begi moja dogo, na sikufika hata Ndosho, mtaa ulio njiani. Miguu ilikataa. Niliketi ukingoni mwa barabara watu wakinipita, mpaka kijana mmoja wa chukudu, ambaye sikumjua na sijamwona tena, akanipakia juu ya magodoro ya familia nyingine na kunisukuma.

Nilisema ni hofu. Nilisema ni msongamano, ni vumbi, ni kutokula tangu usiku. Watu walinikubalia, na mimi nikajikubalia.

Mama hajawahi kuisimulia safari ya Sake kwa mgeni yeyote.

Benchi

Wiki ya tatu baada ya maneno ya fundi nilienda hospitali, upande wa kine, wanakotibu kwa mazoezi ya viungo. Sitaitaja ni ipi. Aliyekuwa anaandikisha alinitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza:

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Hapa IMC ni watoto, mama."

Nikamwambia mimi pia nilikuwa mtoto, hapahapa. Akaandika jina langu chini ya orodha, pembeni, kwa sababu safu ya umri ilikuwa ya miezi.

Nilikaa kwenye benchi na akina mama. Jirani yangu alikuwa na mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu mapajani, miguu imepishana kama mkasi, vidole vimekunjwa vilevile kama vyangu. Nilijua anavyohisi kwenye nyonga zake kuliko mtu yeyote pale ndani, hata mama yake. Yule mama alikuwa ananiangalia kwa wizi. Mwishoni akashindwa.

"Dada, samahani. Na wewe ulikuwa hivi?"

"Ndiyo, hivyohivyo."

"Atatembea?"

Nikamuuliza kama mtoto anakaa peke yake, bila kuegemezwa. Akasema anakaa, alianza kabla hajatimiza miaka miwili. Nikamwambia ninachokijua, ambacho watu wa kine wanakijua siku nyingi: mtoto anayekaa mwenyewe kabla ya miaka miwili, mara nyingi huja kutembea, pengine kwa kushikilia kitu. Yule mama alifumba macho. Akamkumbatia mwanawe, akambusu utosini mara nyingi sana. Kisha akanigeukia tena, uso umewaka.

"Basi akitembea, imekwisha."

Sikupata la kumjibu. Kiatu changu cha kulia kilikuwa pale mbele yetu sote wawili, na mshono mpya.

Nikaitwa.

Daktari wa kine alikuwa kijana, pengine ana miaka ishirini na saba. Alinipima kifundo cha mguu, goti, nyonga, kwa kipimo cha plastiki chenye mikono miwili, bila haraka. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Maisha yangu yote nimeambiwa nitembee zaidi, nisikae, nisiwe mvivu. Akaniuliza ninatembea kiasi gani kwa siku, nikaongeza kidogo ili anisifu.

Hakunisifu. Alisema: "Mama, unazimaliza. Mazoezi ya kunyoosha fanya kila siku, lakini hatua zako anza kuziwekea akiba. Tumia magongo mawili ukitoka nje. Na safari ndefu, fikiria kiti."

Akanitajia dawa ya kulegeza misuli, baklofeni. Nikamwambia tunajuana nayo. Niliimeza miezi michache miaka iliyopita. Ililegeza kukaza, na pamoja na kukaza ikaondoa nguvu niliyokuwa ninasimamia, nikawa ninasinzia juu ya kibodi. Kuna watu inawasaidia sana, na mtu asiiache ghafla bila daktari, ni hatari. Mimi ule ukakamavu ni nusu ya mifupa yangu. Alielewa. Hakuna aliyewahi kunielewa hapo kabla.

Nilitoka na magongo mawili ya chuma yanayoshikwa kwa mkono. Yule mama wa benchi alikuwa ameshaondoka. Nilishukuru, na shukrani ile imeniaibisha hadi leo. Kama unamjua mama mwenye mtoto kama yule, mwambie kwamba jibu langu ni hapana, haiishi anapotembea. Mwambie pia kwamba nina kazi, nina chumba changu, na Jumamosi ninapika sombe, yaani kisamvu, ambayo watu wanaivukia mtaa.

Pipa la mchanga

Magongo yalikaa chini ya kitanda wiki mbili, yamefungwa kwenye kitenge.

Sikuwa ninawaogopa watu wa barabarani. Nilikuwa ninamwogopa mama.

Sehemu nyingine wazazi wanachimba shimo, wanamsimamisha mtoto ndani mpaka kiunoni, ardhi imshike, miguu ijifunze uzito. Kwetu Goma utachimba wapi? Chini ni jiwe. Mama alinunua nusu pipa, akaenda ziwani na beseni, akabeba mchanga kichwani safari baada ya safari hadi pipa likajaa, akanisimamisha humo kila alasiri huku akichambua maharagwe mbele yangu ili nisiogope. Ninakumbuka ubaridi wa mchanga uliotoka kuloweshwa. Ninakumbuka ukingo wa pipa, aliouzungushia vitambaa nisikatwe. Upande wa baba walikuwa wanasema maneno yao, kuhusu ukoo, kuhusu mimba ile alikanyaga nini. Yeye aliwajibu kwa neno moja miaka sita: atatembea.

Nikatembea. Kutoka mlangoni hadi kwenye kinu, hatua tisa. Walichinja kuku.

Sasa niende nikamwambie nini? Kwamba zile hatua zimeanza kurudi zilikotoka? Kila gongo lilikuwa kama ninamrudishia beseni la mchanga.

Nilijiuliza pia jambo gumu zaidi, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Kama ningejua mapema kwamba hatua zina hesabu, ningezitumia vipi? Zile nilizotembea kwenda kanisani ili watu waone ninatembea. Zile za shuleni, nilipokataa kubebwa. Nadhani nyingi kati yake zilikuwa za kuonyesha. Lakini ile ya Gisenyi siitoi. Na zile tisa za kwenye kinu, hapana.

Jumapili

Nilienda kwake Keshero Jumapili, baada ya misa. Dereva wangu aliyafunga magongo ubavuni mwa moto kwa mpira. Nilishuka, nikayafungua, nikaingia uani nayo, mama akiwa ameketi anamenya ndizi.

Aliona. Kisu kikasimama.

Nilikuwa nimeandaa maneno, ya daktari, ya kipimo, ya misuli. Hayakutoka. Nilisema tu: "Mama, nimechoka."

Alikaa kimya muda mrefu. Jirani alipita akasalimia, mama hakumwitikia, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akafuta mikono, akainuka kwa kushika ukuta, na hapo ndipo nilipomwona akiinuka. Nilimwona kweli, kwa macho yaliyokuwa yameshafundishwa na fundi. Goti la kushoto halikunjuki. Anatupa nyonga.

Alinibeba mgongoni hadi nina miaka sita.

Akanyoosha mkono, akachukua gongo moja, akalipima kwa macho, akaliingiza mkono, akajaribu kutembea nalo kuelekea kwenye kinu. Ni kinu kilekile. Alienda, akarudi, taratibu, uso wake ukiwa kazini.

"Linasaidia," akasema. "Wamekuuzia bei gani?"

Nikamtajia.

"Mbona hukuja nayo siku zote hizi?"

Sikumjibu, na yeye hakuuliza mara ya pili. Alinirudishia gongo, akakaa, tukamenya ndizi zilizobaki.

Mpira

Nimeyatumia magongo wiki tatu sasa. Uchovu sasa unachelewa hadi saa kumi na moja jioni. Nyonga bado inauma usiku. Viganja vimetoka malengelenge. Siwezi tena kushika simu nikitembea, wala mwavuli, na mwezi huu tayari nimelowa mara mbili. Mteja mmoja wa zamani aliniuliza kama nimepata ajali. Mwingine alinipa franka mia tano barabarani, nikazirudisha, akaziacha juu ya jiwe.

Kiti bado nimekikataa. Ninasema ni kwa sababu ya mawe: magurudumu yale madogo ya mbele yanakwama kwenye lava, na hata wenye baiskeli za mikono wanaobeba mizigo ya mpakani wanapigania kila mita wakitoka kwenye lami. Hiyo ni sababu ya kweli. Sheria ya watu wenye ulemavu ya tarehe 3 Mei 2022 tunayo, namba 22/003, nimeitolea kopi wateja wengi kuliko ninavyokumbuka, lakini haijatandazwa kwenye vichochoro vya Mabanga. Hata hivyo nikiwa peke yangu sina hakika ni mawe tu. Nimeamua kujiuliza tena Desemba, kwa daftari mkononi.

Jana nilipita kwa fundi. Mipira ya chini ya magongo ilikuwa imekwisha, ile ya dukani laini haiwezi mawe yetu. Alinipa kigoda. Akakata vipande viwili vya tairi, akavichonga mviringo kwa kisu, akavichemsha kidogo ili vilegee, akavisukumiza kwenye chuma na kuvifunga kwa waya, kichwa cha waya akakigeuzia ndani kisinichane. Halafu akachukua kalamu, akaandika tarehe pembeni mwa mpira, herufi ndogo sana.

"Safari hii tutajua," akasema.

Akaniomba kiatu. Nilimwambia hakina kitu, akasisitiza. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ncha, akanirudishia bila kukishona.

Usiku nikafungua daftari, nikapiga mstari, nikaanza safu mpya. Mipira ya magongo, miwili, franka elfu tatu. Kiatu, hakuna.

Mama amenituma nimtafutie gongo moja, la mkono wa kulia.